Nasikia, Lakini Sielewi: Historia ya Kupima Masikio Katikati ya Kelele



Kuna sentensi ambayo wazee wetu wa Likasi huitamka mara nyingi, nasi tulio wadogo kwao huipokea kwa kicheko au kwa hasira: «Nakusikia, lakini sielewi unachosema.» Nyumbani jioni, redio ikiwa imezimwa na watoto wamelala, mzee huyo huzungumza nasi bila shida. Mpeleke sokoni, arusini au matangani, au msimamishe karibu na mashine ya kusaga mahindi, naye anakuwa kama mtu mwingine: anajibu lisiloulizwa, anacheka pale wengine wanaposikitika, mwishowe ananyamaza. Ndipo tunaposema, «Huyu husikia anapotaka.»

Makala haya yanataka kuonyesha kwamba mzee huyo anasema kweli. Tena yanataka kuonyesha kwamba wenye elimu walihitaji zaidi ya miaka mia mbili kuitambua kweli hiyo na kupata njia ya kuipima.

Lugha yetu yenyewe imetutega hapa. Kwa Kiswahili, mtoto mtundu «hasikii». Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na sikio la kufa halisikii dawa. Methali hizi zinanena juu ya moyo mkaidi, wala hazimwoni mtu ambaye sikio lake limeumia. Kwa hiyo tumezoea kuona kosa la tabia pale ambapo huenda pana jeraha la mwili. Hata hivyo, lugha hiyo hiyo inatupa ngazi nzuri ya kupandia: kusikia, kusikiliza, kusikilizana. Sauti inaweza kufika sikioni bila neno kufika akilini, na watu wanaweza kukaa meza moja miaka mingi bila kusikilizana. Tufuate basi historia ya wale waliotaka kupima umbali uliopo kati ya sauti na neno.

Wafua shaba na mafundi wa matangi

Mji wetu, uliokuwa ukiitwa Jadotville hadi mwaka 1966, ulizaliwa na shaba. Kiwanda cha Shituru, kinachosafisha shaba kwa nguvu ya umeme, kilianza kazi mwaka 1929, na jamaa chache za hapa hazina babu, baba au mjomba aliyekula mkate wa shaba. Yafaa basi tujue kwamba miongoni mwa maandishi ya kale juu ya kazi inayoharibu masikio, yamo yanayohusu wafanyakazi wa shaba.

Aliyeyaandika ni tabibu Mwitalia, Bernardino Ramazzini. Mwaka 1700 alitoa kitabu juu ya magonjwa ya wafanyakazi, na mwaka 1713, karibu na mwisho wa maisha yake, alikitoa tena kikiwa kimepanuliwa. Ramazzini alikuwa na desturi ambayo matabibu wa wakati wake hawakuipenda: aliingia karakana, akawauliza maskini wanafanya kazi gani. Katika mji wa Venice aliwaona wafua shaba wakikaa pamoja katika mtaa wao, wakipiga nyundo kutwa nzima. Akaandika kwamba masikio yao yanaumizwa na kishindo hicho, na kwamba wakizeeka katika kazi ile wanakuwa viziwi. Aliona vema, ila hakuwa na kipimo.

Kipimo kililetwa mwaka 1886 na daktari wa masikio wa Glasgow, Scotland, jina lake Thomas Barr. Glasgow wakati ule ulikuwa mji wa meli na mashine za mvuke. Matangi makubwa ya chuma ya kuchemshia maji yaliunganishwa kwa ribiti, ile misumari minene inayogongwa ikiwa bado nyekundu kwa moto. Fundi mmoja aligonga kutoka nje, mwingine alikaa ndani ya tangi akishikilia ribiti upande wa pili. Hebu fikiri mtu aliyeketi ndani ya ngoma huku wenzake wakiipiga.

Barr aliwapima mafundi 100 wa matangi hayo. Chombo chake kilikuwa saa ya mfukoni: aliisogeza mbali na sikio kidogo kidogo, akapima umbali ambao mtu bado aliusikia mlio wake. Lakini alifanya jambo la pili, lenye thamani kubwa kuliko saa. Aliwauliza kama wanaweza kumfuata msemaji katika mkutano wa hadhara. Takriban robo tatu yao walipata taabu, au hawakuweza kabisa. Alipowauliza wapeleka barua wa mji ule ule, waliopata taabu hiyo walikuwa wachache sana.

Saa ilipima sauti, na swali la mkutano likapima maisha. Mtu anaweza kusikia mlio wa saa chumbani, kisha akatoka mkutanoni bila kujua kilichosemwa.

Simu na silabi zisizo na maana

Mwaka 1911 daktari Mfaransa, Étienne Lombard, alitangaza jambo ambalo kila muuza bidhaa wa soko letu analijua bila kusoma: mtu akizungukwa na kelele hupandisha sauti bila kukusudia. Lombard alilitumia jambo hilo kuwafichua waliojifanya viziwi. Alimwambia mtu asome kwa sauti, kisha akamwekea kelele masikioni. Kiziwi wa kweli aliendelea kusoma kama kwanza, na mwongo akapaza sauti. Tangu hapo ilikuwa wazi kwamba kelele hugusa kinywa na sikio pamoja.

Hatua kubwa iliyofuata ilitoka kwa watu wa simu. Simu za mwanzo zilikwaruza na kuvuma, nazo kampuni za Marekani zilitaka kujua ni sehemu gani ya maneno inayopotea njiani. Mwaka 1910 mhandisi George Campbell aliandika juu ya kupima ueleweka wa simu kwa silabi. Baada yake Harvey Fletcher na wenzake, katika maabara ya Bell, waliigeuza kazi hiyo kuwa elimu yenye utaratibu. Mtu mmoja alisoma silabi kwenye simu, wengine wakaandika walichosikia, kisha wakahesabu zilizo sahihi.

Silabi hizo hazikuwa na maana yoyote, na hilo lilikuwa kusudi lao. Akili ya binadamu ni fundi wa kuziba matundu. Nikikwambia «Leo tutakula buka...», na upepo ukachukua silabi ya mwisho, wewe mtu wa Katanga utasema «bukari» bila kusita. Hukuisikia silabi hiyo, umeikisia. Silabi isiyo na maana haikisiwi, kwa hiyo inaonyesha wazi kazi ya sikio peke yake.

Katika miaka hiyo ya 1920 kundi la Fletcher lilitengeneza pia chombo cha kupimia watoto wa shule. Santuri ilizungushwa, na watoto wapatao 40 kwa pamoja wakasikiliza sauti ikitaja tarakimu, kila mara kwa sauti ndogo kuliko kwanza. Waliandika walichosikia hadi sauti ikapotea. Sisi tunaofundisha walimu tunalipenda jambo hili, kwa kuwa lilifichua kwamba baadhi ya watoto waliopachikwa jina la wajinga walikuwa hawamsikii mwalimu. Tuziweke tarakimu hizo akilini, kwa sababu zitarudi.

Vita vinafundisha

Vita Kuu ya Pili ya Dunia vilileta kelele ambayo haijawahi kujulikana. Rubani alikaa kati ya injini zinazonguruma, na amri iliyosikiwa vibaya iliweza kuua watu wengi. Mwaka 1940 Chuo Kikuu cha Harvard kikaanzisha maabara ya kuchunguza sauti na akili, chini ya S. S. Stevens. Huko, watu walisomewa maneno katikati ya kelele ya makusudi, na kelele ikawa sehemu halali ya jaribio. Mwaka 1948 James Egan alitoa orodha 20 zenye maneno 50 kila moja, yote ya silabi moja ya Kiingereza, yaliyochaguliwa ili sauti zake zilingane na mazungumzo ya kila siku. Orodha hizo zilisambaa katika hospitali nyingi.

Mwaka 1951 George Miller na wenzake wawili walionyesha jambo ambalo kila mwalimu angepaswa kulijua. Neno lile lile hueleweka zaidi likiwa ndani ya sentensi kuliko likiwa peke yake. Vilevile, msikilizaji akijua kwamba neno litatoka katika orodha fupi, anavumilia kelele nyingi zaidi kuliko akiwa hajui litatoka wapi. Kwa maneno mengine, anayejua mazungumzo yanahusu nini ana msaada mkubwa, na anayeingia katikati ya mazungumzo bila kuambiwa habari ana mzigo maradufu.

Wakati huo huo askari walikuwa wakirudi nyumbani na masikio yaliyopasuliwa na mizinga. Kuanzia mwaka 1944, katika hospitali ya jeshi ya Deshon, huko Pennsylvania, Raymond Carhart alikuwa na kazi ya kuwachagulia vifaa vya kusaidia kusikia. Hakuridhika na kifaa kinachotoa sauti kubwa. Aliwasomea maneno wakiwa wamekivaa, katika utulivu na katika kelele, akaangalia ni kifaa gani kinawafanya waelewe. Swali la «Je, unasikia?» likapata mwenzake: «Je, umeelewa nini?»

Mwanga na wino

Bado palikuwa na fumbo. Kwa nini watu wawili wanaofanana kabisa chumbani penye utulivu wanatofautiana sana penye watu wengi? Mwaka 1953 Colin Cherry alieleza jinsi alivyowapa watu hotuba mbili kwa wakati mmoja ili aone jinsi wanavyofuata moja na kuiacha nyingine. Sikio zima hufanya kazi hiyo kila siku karamuni bila kuonyesha jasho. Lakini ni kazi kweli, na sikio lililojeruhiwa huishindwa kwanza.

Jibu lililo wazi kuliko mengine lilitolewa na Mholanzi, Reinier Plomp, mwaka 1978. Alisema upungufu wa masikio una sehemu mbili. Ya kwanza hupunguza ukubwa wa sauti, ya pili huichafua. Tuchukue mfano wetu wenyewe. Mtu anasoma barua kwenye mwanga hafifu: mwongezee mwanga, ataisoma. Mwingine ameshika barua iliyoloweshwa na mvua ya Januari: ongeza mwanga upendavyo, wino umekwisha kuchanganyika. Kupiga kelele kwenye sikio la mzee ni kuongeza mwanga. Ikiwa tatizo lake ni wino, tunamchosha bure.

Mwaka 1979 Plomp na mwenzake Mimpen walitengeneza kipimo cha wino huo. Kelele inabaki kiasi kile kile. Msikilizaji anapewa sentensi fupi za kawaida na kuzirudia. Akirudia sawasawa, sauti ya msemaji inashushwa desibeli 2, na akikosea inapandishwa desibeli 2. Baada ya orodha ya sentensi 13, inajulikana ni kiwango gani anachoelewa nusu ya sentensi. Kijana mwenye masikio mazima hufika hapo hata sauti ya msemaji ikiwa ndogo kuliko kelele yenyewe. Aliyepungukiwa anahitaji sauti iizidi kelele. Tofauti hiyo ya desibeli chache inaonekana ndogo, lakini karibu na kiwango hicho kila desibeli moja huamua sentensi 15 hadi 20 kati ya 100. Hapo ndipo mtu huamua kubaki kwenye mazungumzo au kunyamaza.

Tarakimu tatu mkononi

Kipimo hicho kilihitaji maabara, nayo maabara iko mbali na watu wengi. Waholanzi wakapata njia. Mwaka 2003 walifungua huduma ya kujipima kwa simu ya nyumbani, iliyotengenezwa na Cas Smits na wenzake: unapiga namba, unasikia tarakimu tatu ndani ya kelele, unazibonyeza, kisha tatu nyingine, uwiano wa sauti na kelele ukibadilika kadiri ya majibu yako. Makumi ya maelfu ya watu walipiga katika miezi michache ya kwanza. Tarakimu za ile santuri ya shule zilikuwa zimerudi.

Siri ya njia hii inafaa kueleweka. Kipimo cha saa ya Barr kilihitaji ukimya na chombo kisichobadilika. Kipimo cha tarakimu katika kelele hupima uwiano: sauti inaizidi kelele kwa kiasi gani. Ukiongeza sauti ya simu, tarakimu na kelele hupanda pamoja, na uwiano haubadiliki. Kwa hiyo hata simu ya kawaida inatosha, bila chumba maalumu.

Bara letu halikukaa nje ya hadithi hii. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Pretoria, Afrika Kusini, walitoa programu ya bure ya simu iitwayo hearZA, yenye kipimo hicho hicho. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani likatoa ya kwake, hearWHO, inayotumia njia ile ile ya tarakimu. Watafiti wa Pretoria walitumia tarakimu za Kiingereza, wakaona pia kwamba umahiri wa msikilizaji katika lugha hiyo unabadilisha matokeo yake.

Sikio lina lugha

Maneno hayo ya mwisho yanatuhusu sana. Mpime mzee wa Kikula kwa maneno ya Kifaransa yaliyochaguliwa Paris, naye akashindwa. Je, umepima sikio lake au umepima shule aliyonyimwa? Miller alikwisha kutuambia: anayekijua kinachoweza kusemwa huvumilia kelele nyingi zaidi. Basi asiyeijua lugha vizuri huanza jaribio akiwa amebeba hasara.

Tutazame Kiswahili chetu. Sauti za a, o na u zina nguvu. Sauti za s, f, sh na t ni dhaifu na nyembamba, na nguvu yake iko juu sana. Jeraha la kelele huanza mara nyingi karibu na mitetemo 4,000 kwa sekunde, mahali hapo hapo zinapokaa sauti hizo nyembamba. Kwa hiyo aliyejeruhiwa anasikia mlio wa neno bila kupata kingo zake. Kwake saba na shaba zinakaribiana, na bukari na sukari vilevile. Tazama pia nitakuja na sitakuja: konsonanti moja ndogo mwanzoni mwa neno inatenga ndiyo na hapana. Mama anaweza kumngoja mwana kutwa nzima kwa sababu ya s iliyomezwa na injini ya lori.

Tukitaka siku moja kipimo cha tarakimu kwa Kiswahili, tutakuta kazi ya kufanya. Waholanzi waliacha saba na tisa za lugha yao, kwa kuwa zina silabi mbili na nyingine zina moja. Tarakimu zetu, kuanzia moja hadi tisa, zote zina silabi mbili, na sifuri pekee ina tatu. Hiyo ni bahati. Lakini tatu na tano zinaanza sawa, sita na tisa zinatumia konsonanti zile zile zikiwa zimebadilishana nafasi, na nne na nane zimeachana kidogo tu. Tena sisi wa Katanga hutaja namba za simu kwa Kifaransa na kuhesabu watoto kwa Kiswahili, mara nyingine katika sentensi moja. Mtu wa mbali hawezi kuyapanga haya kwa niaba yetu. Huenda kati yenu yuko atakayesomea udaktari, uhandisi au ualimu na kuifanya kazi hii.

Kinachotupasa

Haya yote yanagusa masikio yenu pia. Mwaka 2009, huko Marekani, Sharon Kujawa na Charles Liberman waliwaweka panya kwenye kelele kali kwa saa mbili. Baada ya siku chache vipimo vya kawaida vilionyesha kwamba usikivu wa panya hao umerudi. Lakini walipochunguza ndani ya sikio, waliona viungo vingi kati ya sikio na neva vimekatika, na havikurudi. Wataalamu bado wanajadiliana ni kwa kiasi gani jambo hilo hutokea kwa binadamu. Hata hivyo onyo limetolewa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba vijana zaidi ya bilioni 1 wa miaka 12 hadi 35 wanahatarisha masikio yao kwa muziki wa sauti kubwa mno. Linashauri tusizidi saa 40 kwa juma kwenye desibeli 80, na kila sauti inapopanda zaidi, muda huo hupungua haraka. Wafua shaba wa Venice waliharibiwa masikio na mkate wao. Sisi tunayaharibu kwa starehe, wakati mwingine kwa spika tulizonunua kwa fedha zetu.

Kwa wazee na wenzetu, yapo mambo mepesi yanayofaa. Kwanza, tusogee karibu. Mahali pa wazi, ukipunguza umbali kwa nusu, sauti yako humfikia mtu ikiwa na desibeli 6 zaidi. Kumbuka jinsi desibeli moja ilivyo na uzito, utaona kwamba hatua mbili za miguu zinashinda kupaza sauti. Pili, tumwangalie usoni penye mwanga. Mwaka 1954 watafiti Sumby na Pollack walionyesha kwamba kuuona uso wa msemaji husaidia sana kuelewa maneno, na kadiri kelele inavyozidi ndivyo msaada huo unavyozidi. Tatu, tumwambie kwanza tunazungumza juu ya nini. Nne, asipoelewa, tuliseme kwa maneno mengine, kuliko kurudia neno lile lile kwa hasira. Tano, tupunguze kelele yenyewe: tufunge mlango, tuzime redio, tusogeze jenereta.

Na kwa walimu: Shirika la Afya Duniani liliandika mwaka 1999 kwamba kelele ya darasani wakati wa somo isizidi desibeli 35. Sisi tunayajua madarasa yetu, mvua ikipiga mabati na watoto wakiwa wengi kwenye deski moja. Mvua hatuwezi kuikataza. Tunaweza kungoja ipungue kabla ya kutoa imla, kuandika ubaoni, na kumweka mbele mtoto anayenakili kwa jirani, badala ya kumpiga kwa kuwa «hasikii».

Injili ya Marko, sura ya 7, inasimulia jinsi Yesu alivyoletewa mtu kiziwi katika nchi ya Dekapoli. Tunalikumbuka neno Efata. Mara nyingi tunasahau alichofanya kabla ya kulitamka: alimtoa mtu yule katika umati, akawa naye peke yake. Kumponya hatuwezi, lakini kumtoa mtu katika kelele tunaweza, kila mmoja wetu, leo jioni.

Kwa mazungumzo ya kikundi

Jaribuni jambo hili dogo. Mmoja acheze katika simu sauti ya sokoni iliyorekodiwa. Mwingine afunike midomo kwa karatasi, asome tarakimu tatu tatu, wengine waandike. Kisha ongezeni umbali, na baadaye ondoeni karatasi. Linganisheni majibu. Huu ni mchezo wa kufundishia tu: mwenye shaka juu ya masikio yake amwone mganga hospitalini. Halafu mjadiliane:

1. Ni nani katika jamaa zetu ambaye tumemwita mkaidi, kumbe labda haelewi penye watu wengi?

2. Katika mikutano yetu, kelele ipi tunaweza kuiondoa bila gharama yoyote?

3. Ni maneno gani ya Kiswahili chetu mliyachanganya zaidi katika mchezo, na kwa nini?